Mjadala: Mwanafunzi afundishwe kumhoji mwandishi, au asome kwanza ayaamini yaliyoandikwa?

Ndugu zangu, salamu kwa wote. Naliweka swali hili hapa kwa sababu limewagawa wazazi na walimu wa shule yetu huku Kisauni, na sidhani ni sisi pekee. Mwalimu mmoja wa historia aliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu kurasa mbili kuhusu vita vya Wagiriama vya 1914. Ukurasa mmoja umetoka kwa afisa wa serikali ya kikoloni, wa pili ni masimulizi ya wazee yaliyoandikwa baadaye. Hakuwauliza nani alishinda. Aliwauliza: aliyeandika alikuwa amesimama wapi, na ni nani hakupewa nafasi ya kusema? Kwenye mkutano wa wazazi baba mmoja akainuka, akasema huko ni kuwafunza watoto ukaidi; kitabu kilichoidhinishwa kisomwe, maswali yajibiwe, watoto wafaulu. Akapigiwa makofi na wengi.

Mimi nasomesha Kiswahili, na niko upande wa mwalimu huyo. Naeleza sababu zangu, kisha mnijibu.

Tazameni swali la ufahamu lilivyo. Kuna kifungu, halafu swali: "Kwa mujibu wa mwandishi, taja athari nne." Mwanafunzi akizichota zile nne zilizomo, ana alama nne. Akiandika kwamba mwandishi ametaja hasara za upande mmoja na kuzinyamazia za upande wa pili, hapati kitu, maana hakuulizwa. Miaka yote ya sekondari tunamzoeza kijana kwamba kazi ya msomaji ni kuchota. Kisha siku akileta ujumbe wa simu usio na jina la aliyeuandika, akautetea kwa nguvu zake zote, tunauliza amejifunzia wapi.

Kwenye ushairi tunafanya kinyume kabisa. Huko tunamuuliza nafsineni, yaani sauti inayosema ndani ya shairi, ni nani, anamsemesha nani, toni yake ni ipi. Mwanafunzi akizisoma beti za Muyaka bin Haji anafahamu upesi kwamba bwana huyu ni mtu wa Mvita, yaani Mombasa, kwamba alikuwa na Wamazrui walioitawala Mombasa hadi 1837, na kwamba anapoisema Lamu au kumrushia maneno Sayyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, haamui kesi. Anautetea mji wake. Hilo halimpunguzii Muyaka hata chembe. Tunampenda, tunamkariri, na tunajua alikosimama. Sasa kwa nini macho hayo tuyafumbe pale tunapoweka diwani chini na kushika gazeti, au kitabu cha historia?

Chukueni mfano wa pili wa hapa hapa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliandika kwa Kiarabu historia ya utawala wa Wamazrui wa Mombasa. Mmazrui ameandika habari za Wamazrui. Tuitupe? Hasha. Mtu wa nyumbani hupewa habari ambazo mgeni hapewi, na kazi hiyo ni hazina. Lakini msomaji anayejua uzito wa jina la mwandishi atazisoma kurasa za ugomvi na Mabusaidi, ukoo wa Sayyid Said, kwa tahadhari ambayo asiyejua hatakuwa nayo. Sheikh huyo huyo alipoanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, jina lenyewe lilitangaza anachokitaka: watu watengeneze mambo yao. Hakujifanya hana upande. Mwandishi wa aina hiyo hampi tabu msomaji. Anayempa tabu ni yule anayeandika kana kwamba nyuma ya kalamu hakuna mtu.

Na upande huweza kuhama jina likabaki karibu lile lile. African Standard lilizaliwa Mombasa mwaka 1902, mikononi mwa A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara Mhindi. Mwaka 1905 likauzwa kwa Wazungu, likaitwa East African Standard, na 1910 likahamia Nairobi, likawa sauti ya masetla. Anayelijua hilo akikutana na habari ya ardhi iliyochapishwa humo mwaka 1912, atauliza kwanza ni nani aliyekuwa akilipia wino.

Mimi mwenyewe nimelijaribu darasani, kwa jambo ambalo watoto wanalijua kutoka nyumbani. Mnakumbuka agizo la 2019 kwamba makontena yanayokwenda Nairobi yabebwe kwa reli ya SGR, watu wakaandamana hapa mjini, hadi serikali mpya ya 2022 ikatangaza kurudisha shughuli za mizigo bandarini. Niliandika aya mbili. Ya kwanza: "Agizo hilo linatarajiwa kupunguza msongamano bandarini na kuharakisha usafirishaji. Baadhi ya wakazi walilalamika." Ya pili: "Madereva, mautingo na mama wauza chakula kuanzia Changamwe hadi Mariakani wamepoteza riziki kutokana na agizo hilo. Maafisa walilitetea."

Wanafunzi waliingia moja kwa moja kutafuta matusi na maneno makali. Hawakuyaona, kwa sababu hayamo. Hakuna hata uongo. Kisha msichana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, hapa linatarajiwa na nani?" Hapo darasa likaamka. Wakagundua kwamba kwenye aya ya kwanza anayetarajia amefichwa, na watu wa Mombasa wamekuwa "baadhi". Kwenye ya pili wana kazi zao na njia yao, lakini maafisa ndio wamepewa maneno mawili bila sababu yoyote. Kijana ambaye babake anaendesha lori alikuwa wa mwisho kukubali kwamba hata aya ya pili ina upande. Aliipenda. Ilikuwa inasema ya nyumbani kwao. Haikutaja kwamba reli ilijengwa kwa mkopo wa China ambao lazima ulipwe, na kwamba reli isiyobeba mizigo hailipi deni.

Hapo ndipo penye kazi, na ndipo ninapotaka tupazungumze. Kuuona upande wa mtu usiyempenda hakuhitaji mwalimu. Mtoto huhitaji kufundishwa kuuona kwenye maandishi yanayomfurahisha.

Mzazi, Likoni: Mwalimu, nakuheshimu, ila mimi nimeyaona matunda yake. Mtoto wa dadangu alifundishwa mambo haya, sasa kila kitu jibu lake ni moja: "Huyo ana upande." Nilimpa makala ya daktari kuhusu chanjo ya polio, akaniambia daktari analipwa na serikali. Hakusoma hata aya ya pili. Zamani alikuwa akisoma hata kama hakuelewa. Siku hizi ana sababu ya kutosoma. Mnawapa watoto kisingizio, nanyi mnakiita elimu. Mtoto ajifunze kwanza kumsikiliza mkubwa anayejua kuliko yeye. Kumhoji kutakuja na umri.

Mwalimu mstaafu, Changamwe: Mwanangu, nimesomesha historia tangu kabla ya mfumo wa elimu wa 8-4-4, na pingamizi langu si la adabu. Ni la maarifa. Unamwambia mtoto atafute kilichoachwa. Atakitambuaje kama hajui kilichotokea? Mwanafunzi asiyejua kwamba Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza, alikamatwa 1913 akapelekwa mbali hadi Kisii, wala kwamba Waingereza waliilipua Kaya Fungo, boma takatifu la Wagiriama, kwa baruti mwaka uliofuata, mpe ripoti ya afisa isiyosema hayo, ataiona imekamilika. Atabaki kukagua vivumishi. Wengi wanaomaliza shule hawawezi kukuonyesha Kaya Fungo iko upande gani wa Mazeras. Tujaze kwanza ghala, ndipo tufundishe kupepeta.

Mwanafunzi wa chuo, Tudor: Swali langu ni fupi. Na mwalimu je? Mwaka wa uchaguzi tulisomeshwa "kutambua upendeleo" kwa magazeti yanayosifu mgombea mmoja tu. Sote tulijua mwalimu anampigia kura yupi. Mwenye kalamu tunamhoji, mwenye chaki nani atamhoji?

Nawajibu kwa niaba ya hoja yangu.

Mama wa Likoni, unayoyasema yanatokea na yananiuma. Lakini kijana wako alifundishwa nusu. "Daktari analipwa na serikali" ni habari ya daktari. Haijagusa hata neno moja alilolisema kuhusu chanjo. Mtu mwenye upande anaweza kusema kweli tupu, na asiye na upande anaweza kukosea. Kwangu mimi mwanafunzi hana ruhusa ya kutaja upande wa mwandishi kabla hajaieleza hoja yake vizuri, kwa namna ambayo mwandishi mwenyewe angeisoma akasema naam, ndivyo nilivyosema. Kisha ndipo aseme amesimama wapi. Kisha arudi kwenye hoja: ushahidi wake unasimama hata tukimtoa yeye? Akiishia katikati, namkatia alama. Kijana huyo angelazimika kuisoma makala ya daktari hadi mwisho, kuliko alivyowahi kuisoma yoyote. Kusubiri umri sikubali. Simu anayo sasa, na wanaomwandikia humo hawasubiri akue.

Mzee wangu wa Changamwe, shikamoo. Hoja yako ndiyo nzito kuliko zote na sehemu yake kubwa naikubali: bila maarifa, zoezi hili linageuka uwindaji wa vivumishi. Ninapotofautiana nawe ni kwenye kutanguliza moja na kuahirisha jingine. Wale wa kidato cha tatu hawakuijua Kaya Fungo kabla ya somo. Waliijua kwa sababu iko kwenye ukurasa wa wazee na haipo kwenye ukurasa wa afisa, wakataka kujua ni kitu gani kilichomfanya mmoja aitaje mara tatu na mwenzake aipite. Siku ile waliuliza juu ya kaya, kodi ya nyumba na vijana waliotakiwa kwenda kubeba mizigo ya vita, na hakuna aliyewaambia yatakuja kwenye mtihani. Maandishi mawili yakikaa pamoja, kila moja linaonyesha pengo la mwenzake. Andiko moja peke yake, hapo mzee umenishinda. Nisingempa mtoto andiko moja nikamwambia atafute lisilokuwemo.

Ndugu wa Tudor, sharti ni hilo hilo la mtoto wa dereva. Mwalimu alete kwanza maandishi ya upande anaoupenda yeye, ayachambue mbele ya wanafunzi, waone anavyofanya. Asiyeweza hilo aachie mwingine somo. Na siasa za uchaguzi zisiwe mahali pa kuanzia. Anza na Muyaka, aliyekufa zamani na ambaye hapa mjini hakuna anayemchukia.

Mtaala wa umilisi ulioanza mwaka 2019 umeweka kufikiri kwa kina miongoni mwa umilisi wake saba wa msingi, kwa hiyo siombi kitu kigeni. Naomba karatasi ya ufahamu iongezwe swali moja, lenye alama za kutosha kumfanya mwalimu alifundishe: "Mwandishi wa kifungu hiki ameegemea wapi? Thibitisha kwa mambo mawili kutoka kwenye kifungu, kisha eleza kama hoja yake inabaki na nguvu." Anayeona swali hilo litamharibu mtoto, atuambie hapa litamharibu vipi, na lipi aliweke mahali pake.