Eti "hiyo ni ajali ya raia"! Mume wangu askari kavunjika mguu na hana wa kumsemea

Mama Twaha:
Wakuu wa Kigoma, nina hasira mpaka mikono inatetemeka. Yule bwana wa meza ya mwisho, wote mnamjua, yule asiyenyanyua uso hata ukimwamkia, leo kamwambia mume wangu aliyesimama na magongo mbele yake: "Hiyo ni ajali ya raia." Ya raia!

Lori la dagaa limemgonga njia ya Mwandiga, katoka zamu, yuko juu ya bodaboda kapakata unga wa watoto. Mguu una vyuma vimetokeza nje, suruali nimelazimika kuifumua mshono mpaka pajani. Kiti hakupewa. Fomu ya kudai fidia ya ajali kazini imechunguliwa, imefungwa, imesukumwa kwa kidole kimoja. "Hukuwa na gwanda. Ajali ya raia." Yule ukimpelekea maiti ya askari ndani ya gwanda atahesabu vifungo kwanza!

Mbona kwenye paredi wanaambiwa askari yuko kazini saa 24? Mbona siku ya Idi simu ya kazini ililia akaacha pilau kwenye sinia? Siku ile hakuwa raia? Mwalimu anaingia ofisini na mtu wa chama chake cha wafanyakazi. Wangu kaingia na mimi, nami nikatolewa nje. Neno lile nimelisikia nikiwa mlangoni. Ajali ya raia!

Mzee wa Kibirizi:
Pole sana mwanangu. Yule mimi aliniambia "njoo wiki ijayo" mjukuu akiwa tumboni. Sasa anaota meno.

Wakili wa Kijiweni:
Dada, askari haruhusiwi chama cha wafanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 2, imewaweka kando polisi, JWTZ, Magereza na JKT. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) namba 87 wa 1948 nao umeiachia kila nchi iamue yenyewe kuhusu polisi na majeshi. Ila Uingereza, polisi walipogoma 1918 na 1919, walinyimwa chama wakaundiwa shirikisho la kuwasemea, lisiloruhusiwa kugoma. Daini kitu kama hicho.

Mama Twaha:
Hicho hicho! Sitaki mgomo, nataka mtu mmoja wa kukaa naye pale mezani. Angekuwepo, lile neno lisingetamkwa. AJALI YA RAIA!

Boda Gungu:
Leo ndiyo mnajua uchungu? Mumeo hatujui lakini wenzake wananipiga elfu 10 kila nikikatiza Mwanga. Na kofia ngumu alivaa?

Mama Twaha:
Alivaa! Na usinichokoze leo.

Ticha Kakonko:
Mnalilia chama? Changu kinanikata 2% kila mwezi. Nimehamishwa bila posho, nimepiga simu mpaka salio limekwisha, hakuna aliyepokea.

Boda Gungu:
Ticha wewe una mshahara wa kukatwa. Sisi tunakatwa na kila mtu.

Mnyamwezi wa Ipuli:
Hayo malori ya dagaa yapunguze mwendo na bei pia. Huku Tabora kisado hakishikiki. Si Ziwa Tanganyika lilifungwa miezi mitatu 2024 ili dagaa wazaliane? Wamezaliana wapi?

Mzee wa Kibirizi:
Bei mnapandishiwa na madalali wenu huko huko Tabora. Msitusingizie wavuvi.

Mnyamwezi wa Ipuli:
Na mchanga ndani ya dagaa nao wanautia madalali wa Tabora?

Mzee wa Kibirizi:
Wa mchanga ni wale wanaoanikwa chini. Nunua wa kwenye chanja.

Ticha Kakonko:
Mwenye wa chanja aweke bei hapa.