Vidonge vya seli shina kwa vidonda vya utumbo mpana, kuna ukweli au tunapigwa?

Dada_Igoma: Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu alikuwa anatoa choo chenye damu muda mrefu, tukajua kichocho tu maana si tumekulia ziwani, mwisho akapigwa kipimo cha kamera wakakata na kinyama, majibu ni kolaitisi ya vidonda, yaani utumbo mpana unavimba na kutoka vidonda. Yupo kwenye mesalazini, dawa ya kutuliza huo uvimbe. Sasa kuna jamaa Kirumba anauza vidonge vya seli shina (stem cells, seli mama zinazozaa seli nyingine), eti utumbo unaota upya na za hospitali unaacha. Kweli hii?

Mzee wa Hadubini: Mnapigwa dada. Seli ni kitu hai, ukiimeza tumbo linaisaga kama dagaa. Halafu dogo seli shina anazo, zimekaa chini kwenye vishimo vya ukuta wa utumbo, timu ya Hans Clevers kule Uholanzi ndo ilizitambua 2007, hizo ndo zinazaa utando mpya kila baada ya siku 3 hadi 5 hivi. Shida ni uvimbe unaozizunguka. Kuna seli changa nyingine zinatoka kwenye uboho wa mifupa, monosaiti, kwa asiyeumwa zikiingia utumboni zinapevuka zinakuwa walinzi watulivu, ila kwenye huu ugonjwa zinakuta vurugu nazo zinapandwa hasira, zinamwaga kemikali za uvimbe na kuita wenzao, vidonda havifungi. Ndo maana dawa zinapambana na uvimbe kwanza, ukitulia zile shina zinaziba zenyewe.

Nyegezi_kwetu: Mkuu mbona Ulaya walikuwa na sindano ya seli kwa wenye Crohn, ule ugonjwa mwingine wa uvimbe wa utumbo?

Mzee wa Hadubini: Ilikuwepo, darvadstroseli, ilipitishwa 2018. Seli za mafuta ya mtu mwingine, inachomwa kwenye fistula (kitundu kisicho cha kawaida) karibu na njia ya haja kubwa, basi, kolaitisi haihusiki. Jaribio la baadaye likaonyesha haikuwapita waliochomwa maji ya chumvi, 2024 ikaondolewa sokoni. Huyo wa Kirumba yeye kaipata wapi ya kumeza?

Mama Neema: Mdogo wako asiache mesalazini hata akijisikia fresh. Na ugonjwa ukifikisha miaka 8 hivi kamera inakuwa ya kurudia rudia, maana utando ukijijenga ndani ya uvimbe miaka yote hiyo hatari ya kansa inapanda.

Dada_Igoma: Wabeja sana. Kichocho apime tena au ndo imeisha?

Mzee wa Hadubini: Apime, mtu wa ziwani anaweza kuwa navyo vyote viwili. Na TB pia, hasa kabla hawajamwanzishia dawa za kushusha kinga.