Skripti ya psql inakwama ikifika Chang'ombe

Swali

Habari zenu wanajamvi. Nina hifadhidata ya PostgreSQL yenye ankara za maji, na kila jioni ninatakiwa kutoa faili moja la CSV (jedwali la maandishi yaliyotenganishwa kwa mkato) kwa kila kata ya Temeke. Skripti yangu ya Bash inasoma majina ya kata kutoka kwenye orodha, kisha inaita psql, programu ya kutuma amri kwa PostgreSQL:

`psql -d maji --csv -c "SELECT namba, kiasi FROM ankara WHERE kata = '$kata'" > "$kata.csv"`

Keko, Mtoni na Mbagala zinatoka vizuri, lakini ikifika Chang'ombe psql inalalamika kwamba alama ya kunukuu haikufungwa, na faili linabaki tupu. Nifanyeje?

Jibu la 1

Ndugu, Bash haijui SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata. Kazi yake ni kubandika jina mahali pa `$kata` tu. PostgreSQL inapokea `'Chang'ombe'`, na kwake ritifaa ya ng' ni alama ile ile inayofunga maandishi, kwa hiyo inaona neno Chang limekwisha, ombe linaning'inia, na alama nyingine imefunguliwa bila kufungwa. Katika SQL, ritifaa iliyo ndani ya maandishi huandikwa mara mbili. Tangulia na mstari huu:

`kata=$(printf '%s' "$kata" | sed "s/'/''/g")`

Jibu la 2

Maelezo ya mwenzangu ni sahihi, ila dawa yake nisingeitumia. Kwanza, faili lako sasa litaitwa Chang''ombe.csv. Pili, na hili ndilo kubwa, siku utakaposahau mstari huo katika skripti nyingine, yeyote anayeweza kuandika kwenye orodha ya majina ataweza kupenyeza amri zake ndani ya hifadhidata ya watu. Mwachie psql kazi ya kunukuu:

```
psql -X -d maji --csv -v ON_ERROR_STOP=1 -v kata="$kata" <<'MWISHO' > "$kata.csv"
SELECT namba, kiasi FROM ankara WHERE kata = :'kata';
MWISHO
```

Nukta mbili pamoja na alama za kunukuu katika `:'kata'` zinaiambia psql ichukue thamani ya kigeu `kata`, kile kilichowekwa kwa `-v`, na kuinukuu ipasavyo, hata ikiwa na ritifaa kumi. Usijaribu kuirudisha hoja hiyo (yaani `SELECT` yote) kwenye `-c`, kwa sababu huko psql haibadilishi vigeu vyake, na wengi wamepoteza saa nzima hapo. Alama zinazozunguka MWISHO wa kwanza zinaizuia Bash isiguse chochote ndani ya hoja. `ON_ERROR_STOP` nayo si pambo: hoja inapoingia kwa njia hii bila mpangilio huo, psql humaliza kwa kurudisha sifuri hata kama SQL imeshindikana, na skripti yako itaamini kwamba kila kitu kimekwenda sawa.

Chaguo la `--csv` lilianza na toleo la 12, la mwaka 2019. Mwenye toleo la nyuma atumie `COPY (SELECT ...) TO STDOUT WITH CSV HEADER`, si `\copy`, kwa kuwa `\copy` pia haibadilishi vigeu.

Muulizaji

Ahsanteni sana. Kosa limeondoka, lakini faili la Chang'ombe lina ankara chache mno kuliko nilizozoea kuona ofisini, na hakuna onyo lolote.

Jibu la 2

Endesha `SELECT DISTINCT kata FROM ankara WHERE kata LIKE 'Chang%';` na uyatazame majina kwa makini. Simu nyingi na programu za kuandikia hugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda, na kwa hifadhidata hizo ni herufi mbili tofauti kabisa.

Muulizaji

Ni kweli, majina yametoka mawili, na kwa macho yanakaribia kufanana. Nimechukua nakala ya jedwali kwanza, kisha nikaendesha amri hii, ambamo `\2019` ni ritifaa iliyopinda, ndani ya `BEGIN` ili niweze kuitengua ikikosea:

`UPDATE ankara SET kata = replace(kata, U&'\2019', '''') WHERE kata LIKE U&'%\2019%';`

Nilihesabu ankara za Chang'ombe kabla ya `COMMIT` inayothibitisha mabadiliko, na zimetimia. Orodha ya kata nayo nimeipitia, ina ritifaa iliyonyooka mahali pote.