Simu ya Bibi: gumzo la kikundi cha UKOO WA NYANZALA 🙏🏾

IJUMAA

18:47 Mama Kulwa: [Picha 4]

18:47 Mama Kulwa: Mwadila ndugu zangu. Mzigo wa Mama huo umefika. Infinix Note 40 Pro, ya kijani, mpya kabisa. Boksi nimelifungua mbele ya Kulwa na Doto, mashahidi wapo.

18:49 Mama Kulwa: Kioo kimepinda kulia na kushoto, ukipitisha kidole hujui kioo kinaishia wapi na fremu inaanzia wapi. Mgongo wa ngozi-ngozi, hauachi alama za vidole. Hongereni wote mliochanga.

18:52 Mama Kulwa: Sasa vimebaki vifaa. Protekta, kava la maana, na kamba ya kuvaa shingoni maana mnamjua Mama, simu anafunga kwenye pindo la khanga. Jumla 60,000. Tuko sita, kila mmoja 10,000. Kesho saa sita mchana iwe imeingia. Namba ni ileile. Tumeni NA YA KUTOLEA.

18:52 Mama Kulwa: Jumapili tunavuka Sengerema, simu iwe imeshavaa.

19:30 Mama Kulwa: Naona tiki za bluu tu

19:34 Masanja: 🙏🏾

19:34 Mama Kulwa: Masanja hiyo mikono ni elfu kumi au ni salamu?

19:41 Shija: Hiyo simu imepinda au kuna mtu kaikalia kwenye daladala ya Igoma

19:41 Neema: 😂😂😂

19:42 Mama Kulwa: Shija. Elfu kumi.

19:45 Doto: Mjomba ndiyo zilivyo, kioo cha kevu. Inchi 6.78, betri 5000, na inachajiwa hata bila waya, unaiegesha tu kwenye sumaku. Samsung walitoa Note Edge 2014 ikapinda upande mmoja, 2015 wakaja na S6 edge pande zote mbili. Wengi wamefuata hapo.

19:47 Shija: Na hao Samsung bado wanapinda?

19:48 Doto: S24 Ultra ya 2024 wameirudisha bapa

19:48 Shija: Wenye jambo lao wameacha, sisi ndio tunaanza. Safi sana

19:49 Mama Kulwa: Doto nenda kasome, una mtihani.

19:55 Neema: Wifi simu nzuri kwa kweli. Ila S7 edge ya huyu mume wangu ilipinda hivyohivyo na sote tunajua iko wapi

19:56 Masanja: Igombe 😂

19:56 Shija: Mliniambia haiingii maji!!

19:57 Doto: Haiingii maji mita moja na nusu, nusu saa, Mjomba. Na hiyo ni ikiwa mpya. Ya kwako ilishafunguliwa na fundi mara ngapi

19:58 Shija: Pale ni mita nne. Na haijatoka mpaka leo.

19:58 Masanja: Sangara wanapigiana video

19:59 Neema: 😂😂😂😂

20:03 Mama Kulwa: Mmemaliza? Elfu kumi.

20:40 Kulwa: Jamani hii simu mimi imenishinda kidogo. Ukiishika kwa mkono mmoja kile kiganja kinagusa pembeni ya kioo. Nimefungua kamera bila kutaka, nikafungua picha za watu, sijui nimebonyeza nini tena

20:42 Doto: Ndiyo kazi ya kava. Lenye mdomo ulioinuka pembeni linasukuma kiganja kisifike kwenye kioo. La kwenye boksi ni jembamba

20:44 Mama Kulwa: Mmesikia? Kava si urembo.

22:58 Mama Kulwa: Nalala. Aliyetuma mpaka sasa: hakuna. Minza uko hewani muda wote nakuona.

JUMAMOSI

06:15 Bundala Dar: Nani kanipigia video saa tano kasoro usiku? Nimepokea naona dari tu na feni. Nimekaa macho mpaka saa nane nikidhani Mama kapatwa na jambo

06:31 Kulwa: Samahani sana Mjomba 🙈 ni kile kiganja

06:33 Bundala Dar: Kiganja kina namba yangu?

06:50 Mama Kulwa: Mwangaluka. Bundala kwa kuwa umeamka, elfu kumi.

06:51 Bundala Dar: 👍🏾

06:51 Mama Kulwa: Dole gumba halitolewi hela kwa wakala mdogo wangu

09:20 Kulwa: Nimefika Makoroboi kwa fundi. Anasema simu za kevu protekta ni za aina tatu. Kuna kioo cha kawaida cha 5,000, huyo mwenyewe anakikataa, kinashika kingo tu, katikati kunabaki hewa, ukigusa simu haisikii. Kuna ya plastiki laini, haidrojeli, 10,000, anaikata na mashine hapahapa inakaa mpaka kwenye kona. Inazuia mikwaruzo ila simu ikianguka haisaidii sana. Na kuna kioo cha gundi na taa, 25,000.

09:22 Mama Kulwa: Ya 25. Hatununui mara mbili.

09:24 Doto: Akiweka yoyote mwambie kidole kisajiliwe upya, sensa iko chini ya kioo. Kidole kilichosajiliwa kabla ya protekta kinaweza kukataliwa

09:26 Kulwa: Kidole cha nani sasa? Bibi vidole vyake jembe limeshavisugua vyote

09:31 Mama Kulwa: Weka changu kwa muda

09:31 Shija: Eheee. Simu ya Mama, kidole cha dada

09:33 Mama Kulwa: Shija sijapata kitu chako tangu jana na maneno yako nimepata yote.

10:48 Limi: Samahani nilikuwa zamu ya usiku ndio natoka. Kulwa USIWEKE KWANZA hiyo ya gundi. Mwenzangu wa wodini aliwekewa, gundi ikatambaa ikaingia kwenye kile kitundu cha sauti juu ya kioo. Sasa ukimpigia anakusikia kama uko ndani ya debe. Mama sikio la kulia halisikii tangu zamani, mnajua. Hilo la kushoto ndilo letu sote. Simu yenyewe ya nini kama hatasikia?

10:50 Kulwa: Mama mdogo fundi anasema anaziba kitundu na selotepu kwanza. Halafu anamimina gundi katikati, analaza kioo taratibu, anaacha gundi ijitambae yenyewe mpaka pembeni, ndipo anawasha taa ya zambarau ikauke. Nimemwona akimfanyia mtu hapa, ametumia kama robo saa na ameshika pumzi 😅

10:52 Limi: Na wa mwenzangu aliziba. Muulize ikiingia analipa yeye?

10:53 Shija: Analipa dada kwa kidole chake

10:53 Neema: 😂😂

10:54 Masanja: 😂

10:54 Masanja: Naomba kuuliza gari la kesho linaondoka saa ngapi

10:56 Shija: Mimi nikichelewa msinisubiri, nitakuta foleni ya pantoni

10:57 Mama Kulwa: Pantoni ipi Shija? Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025 wewe bado uko kwenye foleni. Foleni ya kwako ni ya kutoa hela.

10:58 Neema: Wifi hapo umempata 🙌🏾

11:02 Limi: Jamani nimeuliza kuhusu sikio la Mama.

11:20 Doto: Mama mdogo yuko sawa. Hata akipigiwa kwa spika ya nje, majirani watasikia yote. Mimi ningeweka haidrojeli na kava gumu. Na ile chaji ya sumaku tuiache hukuhuku, inapoteza umeme mwingi unaishia kuwa joto. Kwa sola ya Bibi ilivyo, achaji na waya mchana jua likiwepo, maana jioni ile betri haina kitu

11:21 Shija: Haya. Asante Doto. Mimi sikulitaja, limetajwa.

11:22 Mama Kulwa: Doto nilikwambia usome.

11:24 Shija: Jioni ile betri haina kitu. KWA NINI haina kitu? Tulichangia betri ipi na ilifika betri ipi?

11:25 Mama Kulwa: Risiti niliziweka humu.

11:29 Limi: Dada uliweka ya paneli. Ya betri mimi sikuiona, nasema ukweli wa Mungu.

11:30 Mama Kulwa: Limi na wewe?

11:31 Limi: Sisemi umekula. Nasema sikuiona.

11:33 Mama Kulwa: Nani alilala Sengerema siku tatu akimsubiri fundi? Nani alilipa bodaboda iliyobeba hiyo betri mgongoni? Kuna aliyewahi kunirudishia hata jero? Mimi ndiye ninayekumbuka siku ya kliniki ya Mama, mimi ndiye ninayenunua mbolea, na mimi ndiye mwizi. Na kama ni hesabu za nyuma basi tuanze na injini ya mtumbwi.

11:34 Neema: Wifi injini isiguswe tafadhali

11:34 Shija: Igusweeee. Tuifungue kabisa.

11:35 Shija: *Ujumbe huu umefutwa*

11:36 Limi: Shija umeandika nini hicho na watoto wako humu

11:38 Bundala Dar: Niko kikaoni jamani simu inalia mfululizo. Tatizo ni protekta au ni injini?

11:50 Kulwa: Mama fundi anauliza

12:00 Mama Kulwa: Saa sita imefika. Aliyetuma: hakuna.

13:26 Baba Masanja: Hamjambo. Nimesoma yote tangu jana. Sikuandika kwa sababu nilitaka kwanza niongee na Mama, na asubuhi hii nimeongea naye. Anasema hakuna aliyemuuliza. Anachotaka yeye ni simu ya vitufe, yenye tochi na sauti kubwa, kwa sababu kiswaswadu chake namba tano haibonyezeki, na namba ya Limi ina tano mbili. Ndiyo maana hampigii Limi, si kwamba amemnunia. Hilo la kwanza. La pili, habari ya betri na ya injini isiandikwe tena humu. Tutaizungumza kesho mbele ya Mama, na mwenye risiti aje nazo. Shija, kile ulichokifuta nilikuwa nimeshakisoma.

13:58 Limi: Shikamoo kaka. Sawa.

13:59 Limi: Mimi nilidhani ameninunia tangu Pasaka 😭

14:05 Mama Kulwa: Shikamoo kaka. Nimekuelewa.

14:06 Shija: Shikamoo kaka.

14:31 Bundala Dar: Kaka shikamoo. Kwa heshima, wazo la hii simu lilikuwa langu. Wanangu hawajamwona bibi yao huu mwaka wa pili. Nilitaka awaone sura wakiongea. Cha vitufe hakina hiyo.

14:40 Neema: Si apewe zote mbili? Ya vitufe abaki nayo mwenyewe, hii ya kevu ashikiwe na yule mtoto wa jirani jioni akimpigisha video

14:42 Mama Kulwa: Yule mtoto ndiye aliyeangusha redio.

14:43 Shija: Mimi naweza kumtunzia

14:43 Mama Kulwa: Utaitunza mita ngapi?

14:44 Masanja: 😂😂😂 Shangazi!!

14:44 Baba Masanja: Masanja.

14:44 Masanja: Samahani baba

15:10 Mama Kulwa: Sasa sikilizeni. Simu boksi limeshafunguliwa, hairudi dukani. Kesho inakwenda, Mama aione, aishike mwenyewe, aseme kwa mdomo wake. Nitapitia dukani nichukue na ya vitufe, hiyo nalipa mimi msiniulize risiti. Lakini hii ya kioo haiwezi kupanda gari uchi. Kava na protekta vinabaki palepale. Kamba ya shingoni tumeiondoa, kwa hiyo kila mtu 8,000.

15:12 Limi: Protekta ipi dada?

15:20 Bundala Dar: Nimetuma 20. Yangu na ya Minza

15:24 Mama Kulwa: Asante Bundala. Ya kutolea hukuweka.

16:47 Kulwa: Mama fundi anafunga saa kumi na mbili na kuna wingu zito linakuja kutoka ziwani. Nimwambie nini? Nimekaa hapa tangu asubuhi nimeshajua kutengeneza simu

16:49 Mama Kulwa: Weka ile ya plastiki

16:49 Mama Kulwa: Subiri

16:50 Mama Kulwa: Usiweke. Naongea na Limi

17:04 Kulwa: Ameshaikata. Inakaa vizuri mpaka kwenye kona, kuna kapovu kamoja karibu na kamera anasema kataisha kenyewe. Sauti nimeijaribu iko safi. Kava nimepata la 15,000 lenye mdomo, jeusi

17:05 Mama Kulwa: Jeusi? Hiyo rangi ya kijani tumeilipia ya nini

17:06 Kulwa: La kupitisha rangi lipo ila mdomo wake mfupi

17:06 Doto: Chukua lenye mdomo

17:07 Mama Kulwa: DOTO.

17:15 Kulwa: Anadai 25 jumla. Mimi nina nauli tu

17:16 Mama Kulwa: 20 ya Bundala nakutumia sasa. Tano inabaki. Shija?

17:40 Mama Kulwa: Shija?

17:41 Neema: Amekwenda mwaloni wifi, simu kaiacha

17:42 Mama Kulwa: Safari hii kaiacha nchi kavu, afadhali.

18:20 Masanja: Gari la kesho saa ngapi jamani

18:33 Minza: Shikamooni wakubwa. Ndio naingia hewani. Tunachangia nini?

18:33 Mama Kulwa: Minza nakupigia. Pokea.