Waislamu wa Hispania waliishia wapi baada ya 1492?

Wakuu naomba kueleweshwa, Granada, ufalme wa mwisho wa Waislamu huko Hispania, ilianguka mikononi mwa Wakristo Januari 1492 na Wayahudi wakafukuzwa mwaka huohuo, sasa wale Waislamu walihama wote au ilikuwaje?

Jibu: Hapana mkuu, wengi walibaki. Mkataba wa kusalimu amri uliwaahidi kabisa dini yao, misikiti na makadhi wao, lakini haikupita hata miaka kumi, 1499 Askofu Mkuu Cisneros akaanza kubatiza watu kwa nguvu palepale Granada, vitabu vya Kiarabu vikachomwa hadharani, halafu 1502 Castilla nzima, yaani ufalme mkubwa wa Hispania wakati huo, ikawa ubatizwe au uondoke. Waliobatizwa ndo wakaitwa Moriscos.

Jibu: Naongezea hapo, wengi waliendelea kuswali kwa siri, na 1504 mufti mmoja wa Oran, mji wa Algeria ya leo, aliwapa fatwa kwamba wakibanwa wanaweza kuswali hata kwa ishara tu. Kinachonigusa zaidi ni maandishi yao ya aljamiado, yaani Kihispania kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu wa pwani walivyoandika Kiswahili! Mwaka 1884 kule Almonacid de la Sierra vilikutwa vitabu vyao vimefichwa chini ya sakafu ya nyumba.

Muulizaji: Dah, inauma. Na mwisho wao?

Jibu: Kati ya 1609 na 1614 Mfalme Felipe III aliwafukuza, karibu laki tatu, wengi wakaangukia Morocco, Algeria na Tunisia. Mji wa Testour huko Tunisia wamejenga wao.