Mimba haishiki, nianze na vipimo gani?

Mama_Arua: Jamani habari zenu, niko Arua, nina miaka 33, ndoa mwaka wa tatu na mimba haishiki. Hedhi inakuja vizuri. Mama mkwe analeta miti shamba tu na mume anasema yeye mzima. Nianzie wapi?

BintBombo: Pole dada. Hedhi kuja vizuri ni dalili nzuri kwamba mayai yanatoka ila haisemi kitu kuhusu mirija ya uzazi, na huku kwetu mirija ndo shida kubwa, klamidia au kisonono kisipotibiwa kinapanda juu kinaacha makovu, mirija inaziba na wewe hata husikii maumivu. Omba HSG, ile eksirei wanapitisha dawa kwa mlango wa kizazi, inafanywa hedhi ikishaisha tu kabla yai halijatoka. Inauma kiasi, omba dawa ya maumivu mapema

Kaka wa Jinja: Mume apime mbegu KWANZA, bei nafuu na haiumi. Nguvu za kitandani si mbegu bwana 😂

BintBombo: @Kaka kweli kabisa. Na mirija ikiwa imeziba yote kuna IVF, yaani yai na mbegu vinaunganishwa maabara kisha vinarudishwa kwa kizazi, mtoto wa kwanza wa hivyo Uganda alizaliwa 2004, ila bei ni mamilioni

Mama_Arua: Asanteni, sasa huyu mume ntamwambiaje 😩