Mguso wa simu unakufa na hifadhi ya Google imejaa: nihamishe vipi vipimo, picha na ujumbe wa wateja?

Mshonaji wa Mji wa Kale

Assalaam aleikum wanajukwaa. Mimi ni mshonaji wa mabaibui na magauni ya harusi hapa Mji wa Kale, Mombasa, na biashara yangu karibu yote imo ndani ya simu moja ya Android. Vipimo wateja hunitumia kwa WhatsApp, wengine kwa maandishi na wengine kwa sauti. Picha za mishono na za wateja wakijaribu nguo zimo kwenye kamera. Na rubuni, yaani malipo ya awali ya wateja, naziona kwenye ujumbe wa M-Pesa. Sasa simu hiyo imeanza kunitatiza. Kioo chaonyesha vizuri kabisa, lakini sehemu ya chini haisikii kidole, hivyo kuandika ni taabu na hata kuingiza nambari ya siri ni bahati nasibu. Nimekwisha kununua nyingine, pia ya Android, ila bado imo ndani ya boksi lake.

Fundi niliyempelekea anasema tatizo ni la programu, kwamba dawa yake ni kuiflashi, yaani kuifuta yote na kuiwekea programu upya, na kwamba picha zitakazofutika atazirudisha kwa kompyuta nikimwongeza malipo. Nilipojaribu mwenyewe kuhifadhi nakala kwenye Google niliambiwa kwamba nafasi ya GB 15 imejaa. Isitoshe, akaunti hiyo ya Google nilifunguliwa na kijana wa dukani siku niliponunua simu, na nenosiri lake silijui. Naomba mniongoze: nianze na lipi, na je, nimkubalie fundi?

Fundi wa Mwembe Tayari

Waaleikum salaam, dada. Usimkubalie, na kama simu bado iko kwake, ifuate leo.

Zamani picha iliyofutwa ilikuwa inabaki kwenye chipu mpaka ifunikwe na nyingine, ndiyo maana programu za kufufua picha zilipata sifa. Mambo yamebadilika. Simu zilizotoka kiwandani na Android 10 au toleo la baadaye zinalazimika kuhifadhi data kwa usimbaji, yaani kwa maandishi ya siri yasiyosomeka bila ufunguo, na simu inapofutwa yote, ufunguo wa kuisoma data hiyo huharibiwa pamoja nayo. Kinachobaki kwenye chipu hakisomeki, iwe ni kwa kompyuta ya Digo Road au ya kwingineko, kwa hiyo anayekuahidi kukirudisha anakuuzia maneno.

Halafu dalili zenyewe hazifanani na za programu. Kioo kinachosikia juu na kukataa chini kwa kawaida kimeharibika chenyewe, au waya wake bapa umelegea au kuliwa na unyevu, na sisi tunaoishi na hewa ya chumvi twauona ugonjwa huu mara kwa mara. Kubadilisha kioo hakugusi picha wala ujumbe wowote.

Kwa sasa, nunua kebo ndogo ya OTG, ile ya kuunganishia vifaa kama mausi kwenye simu, na mausi ya kawaida ya kompyuta, uchomeke kwenye tundu la chaji. Utaona mshale mdogo ukitokea kwenye kioo, na kwa mshale huo utabonyeza kila mahali ambapo kidole hakisikiki, pamoja na nambari ya siri. Baadhi ya simu hudai kwanza OTG iwashwe kwenye mipangilio. Ichaji simu mpaka ijae kabla ya kuanza, kwa sababu mausi ikishika tundu hilo chaji haina pa kupita.

Mkaazi wa Tudor

Fundi amesema kweli. Ningeongeza kwamba kabla ya kuhamisha hata picha moja, umiliki akaunti yako. Kufunguliwa akaunti na muuzaji ni desturi ya maduka mengi, na mwenye simu hagundui athari yake mpaka siku simu mpya inapomuuliza nenosiri. Maadamu simu ya zamani bado imo ndani ya akaunti, ingia kwenye mipangilio ya Google, sehemu ya usalama, uweke nambari yako na barua pepe unayoitumia kuwa njia za kurejesha akaunti, uondoe za kijana wa dukani kama zimo, kisha ubadilishe nenosiri. Likidaiwa la zamani, fuata njia ya aliyelisahau. Simu ambayo tayari imo ndani ya akaunti mara nyingi hutumiwa na Google kuthibitisha kwamba ni wewe. Simu hiyo ikifutwa kabla ya hapo, utakuwa unabisha mlango usio na mwenyewe.

Kuhusu nafasi kujaa: hizo GB 15 zinagawanywa kati ya Gmail, Drive na Picha za Google. Picha zilizopunguzwa ubora zilikuwa hazihesabiwi, lakini tangu tarehe 1 Juni 2021 kila picha mpya inayopakiwa inahesabiwa, na nakala za WhatsApp za Android, ambazo nazo zilikuwa bure, zimeingizwa kwenye hesabu hiyo hiyo. Mtu mwenye picha nyingi kama wewe hana budi kujaza. Habari njema ni kwamba kuhama kwako hakuhitaji nafasi hiyo hata kidogo.

Simu mpya kuwa bado bokisini ni jambo la kushukuru, maana njia nyepesi zaidi hujitokeza unapoiwasha mara ya kwanza, inapouliza kama ungependa kunakili data kutoka simu ya zamani. Chagua kuunganisha bila waya, kwa kuwa tundu la simu ya zamani litakuwa limeshikwa na mausi. Namba za watu, ujumbe mfupi pamoja na ule wa M-Pesa, picha na programu zitahama kutoka simu hadi simu. WhatsApp ishughulikie peke yake. Kwenye simu ya zamani ingia mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya mazungumzo, uchague kuhamisha. Kwenye mpya jisajili kwa nambari ile ile, na utaonyeshwa msimbo wa mraba ambao kamera ya simu ya zamani itausoma. Mazungumzo, picha na sauti zitapita hewani kati ya simu mbili zilizo karibu, bila kupitia Google na bila kula bando.

Ukishamaliza, futa video kubwa kwenye Picha za Google ili upate nafasi ya nakala za kila siku.

Mshonaji wa Mji wa Kale

Allah awalipe kheri. Simu nimeichukua kwa fundi, mausi imefanya kazi, na nenosiri sasa ni langu. Uhamishaji nitaufanya usiku nikishafunga duka. Nauliza moja tu: ningependa pia nakala nyingine ya picha nje ya simu. Je, nizipeleke saiba, kwenye duka la kompyuta za kukodi, zinakiliwe kwenye flashi?

Mtunza Kumbukumbu, Makadara

Dada, saiba hapana. Picha ulizozitaja ni za wanawake wakijaribu nguo, na bila shaka wapo waliojifunua kwa kuwa wako mbele ya mshonaji wao. Kompyuta ya saiba inaweza kubaki na nakala bila wewe kujua, na wateja wako hawakukubali hilo. Nunua flashi yenye ncha ya kuingia kwenye simu, uichomeke kwenye simu mpya, na unakili folda ya DCIM, ndiyo yenye picha za kamera, ukiwa nyumbani. Flashi hiyo iweke kabatini, isikae mkobani pamoja na simu, maana mwizi wa mkoba hachagui.

Nampinga ndugu yetu wa Tudor kwa neno moja. Kufuta ndani ya Picha za Google si kufuta mawinguni pekee: picha iliyokwisha kupakiwa, ukiifuta humo, huondoka na kwenye simu pia. Kwa hiyo nakili kwanza, ufungue nakala uhakikishe inacheza, ndipo ufute.

Lipo pia suala la kufunga nakala ya WhatsApp inayokwenda Google, ambalo naona kwa kazi yako ni la lazima. WhatsApp hukuruhusu kuifunga kwa nenosiri au kwa ufunguo wa tarakimu 64. Ukichagua kufunga, liandike nenosiri hilo kwenye daftari lako la vipimo, kwani likipotea si WhatsApp wala si Google atakayekufungulia.

Mkaazi wa Tudor

Nakubali, mpangilio huo ni salama zaidi kuliko wangu.

Kuhusu rubuni, usitegemee ujumbe mfupi pekee hata ukihama salama. Fedha zako na kumbukumbu zake zimefungamana na nambari ya laini yako, haziko kwenye kifaa, na taarifa ya miamala unaweza kuiomba kupitia *334# au programu ya M-PESA. Mteja akibisha kwamba alilipa zaidi, taarifa hiyo ina uzito kuliko ujumbe uliohamishwa.

Fundi wa Mwembe Tayari

La mwisho kutoka kwangu. Uhamishaji ukikamilika usiiuze simu ya zamani papo hapo. Fungua kwenye mpya sauti ya mteja wa zamani kabisa uisikilize mpaka mwisho, fungua picha moja ya kila mwaka, na utafute jina la mtu ambaye hujampigia muda mrefu, kwa kuwa namba zilizohifadhiwa kwenye laini au kwenye kumbukumbu ya simu wakati mwingine huachwa nyuma. Ukiridhika, ondoa kwanza akaunti ya Google kwenye mipangilio ya simu ya zamani, ndipo uifute. Ukiifuta kupitia vitufe vya pembeni akaunti ikiwa bado imo, atakayeinunua ataulizwa nenosiri lako na atakurudishia simu.

Na kama kioo kipya si ghali, kibadilishe badala ya kuiuza. Simu ya pili dukani, ya kupigia picha za mishono tu, itakusaidia sana msimu wa harusi.